Baba Alimfundisha Dada Kushindwa

Dada yangu alisomea ufunguzi mmoja wa chesi kwa miaka miwili. Hatua kumi na moja za mwanzo alikuwa anaweza kuzicheza amefumba macho.

Siku ya fainali, hatua ya kumi na mbili ikammaliza.

Aliyekaa mbele yake ni mimi, mdogo wake wa tumbo moja. Na jibu nililompiga nalo sikulitafuta mwenyewe. Nilipewa na mtu yule yule aliyemfundisha yeye.

Baba yetu mzazi.

Nimekaa na hili jambo kifuani muda mrefu. Leo nalitoa. Mtakaonitukana nitukaneni tu, nimeshajitukana mwenyewe mpaka maneno yameniishia.

Nianze mwanzo.

Baba alikuwa fundi wa meno bandia. Watu walimwita Fundi Meno, hata waliokuwa hawajawahi kumpelekea kazi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa karakana yake. Ukiingia tu unakutana na harufu ya nta na plasta, na rafu nzima imejaa taya za watu, za juu na za chini, zimepangwa zinakuchekea.

Katikati ya zile taya kulikuwa na ubao wa chesi.

Baba alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye chesi. Ujana wake alikosa nafasi ya kwenda mashindanoni nje, kisa nani ajuaye, maana kila akisimulia kisa kilikuwa kinabadilika. Ile hamu haikumtoka. Akaihamishia kwetu, watoto wake wawili wa kike.

Mama alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Siku moja ngazi ikateleza, akaanguka kwa mgongo kutoka ghorofa ya kwanza. Hakufa. Ila kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa hajisikii.

Mtu wa namna hiyo lazima ageuzwe kitandani kila baada ya saa tatu, la sivyo anatoka vidonda. Anaogeshwa. Anabadilishwa. Anasikilizwa, maana uchungu wote unahamia mdomoni.

Dada alikuwa na miaka kumi na saba hayo yalipotokea. Mimi kumi na tano.

Kazi ya Mama ikawa ya Dada.

Mimi nilijaribu. Au niseme ukweli, kwa kuwa leo ni siku ya ukweli: nilijifanya najaribu. Nikimgeuza Mama namvuta mkono kwa nguvu kidogo, makusudi, anapiga ukelele. Baba anasikia kule karakana anasema, "Mwacheni Kitinda, hawezi hiyo kazi. Dada mtu amgeuze."

Kitinda ndiye mimi.

Mara tatu tu ilitosha. Sikuitwa tena.

Dada alijua. Siku moja alinikuta jikoni akanitazama, akasema, "Mkono wa Mama umevimba." Mimi nikaendelea kumenya viazi.

Sasa kwenye chesi, Dada alinizidi. Hilo halina ubishi. Mimi nilikuwa mwepesi, yeye alikuwa mzito kama nanga, ukishaingia mikononi mwake hutoki. Kwa mwaka mzima tulicheza labda michezo mia, nilimshinda saba.

Ndipo likaja tangazo. Chuo kimoja cha nchi ya mbali kilitoa nafasi moja, masomo, malazi, kila kitu, kwa msichana atakayeshika namba moja kwenye mashindano ya chini ya miaka ishirini.

Nafasi moja. Mashindano yenyewe yakiwa yamebakiza miaka miwili.

Baba akamwita Dada karakana. Akamwambia, "Nina ufunguzi nimeutunza tangu ujana wangu. Nakupa wewe, kwa sababu wewe ndiye mkubwa."

Kwa wasiojua chesi, ufunguzi ni zile hatua za mwanzo, kabla vita haijachanganya. Wenye kujua hawaanzi wanavyojisikia. Wanaanza na njia waliyoisomea, ili mpinzani anapofikiria hatua ya nne, wao wameshaiona ya kumi na nne.

Ufunguzi wa Baba ulikuwa wa mwendawazimu. Unamtoa askari, analiwa. Kisha unamwacha farasi wako mzima auawe na askari wa kawaida, na wewe huku unajifanya huoni. Mpinzani anashiba. Akija kushtuka, malkia wako, ngome zako, wote wameelekea kwa mfalme wake na mlango uko wazi.

Dada aliupenda kama mtu anavyopenda mwanamume. Mama akilala, yeye yuko na ubao. Akimlisha Mama uji, midomo inamchezacheza, anahesabu.

Akawa anawafagia watu. Mashindano ya mtaa, ya wilaya, ya mkoa. Mabinti wa watu wanatoka wanalia.

Na mimi nikipita upande wangu, kidogokidogo, kwa bahati na kwa wepesi.

Wiki mbili kabla ya fainali Baba akaniita. Ilikuwa mchana, Dada yuko chumbani anamwogesha Mama, maji yanasikika kabisa yakimwagika kwenye beseni.

Baba akafunga mlango. Akapanga kete mbele yangu haraka haraka, akaniuliza, "Hapa unapafahamu?"

"Huo ni ufunguzi wa Dada."

"Hatua ya kumi na mbili. Wote wanaokutana naye hapa wanaharakisha kuteka kete nyingine, kwa sababu inapendeza. Anawamaliza. Wewe usiteke chochote. Mchukue mfalme, mtembeze mraba mmoja tu, akae pale malkia alipokuwa amezaliwa. Basi. Ngoma imelala. Mashambulizi yake yote yanapiga hewa, na wewe una farasi mzima zaidi yake."

Nikaangalia ule ubao. Nikajaribu njia tatu, nne. Kweli. Ulikuwa ukuta.

"Baba, Dada anajua hili?"

"Akijua wewe utashinda vipi?"

"Uliligundua lini?"

Akachukua taya moja ya plasta, akaanza kuikwangua. "Kabla hujazaliwa."

Nilielewa pale pale. Alimpa mtoto wake mkubwa silaha aliyojua siku zote kuwa imepasuka, na akamwacha ainoe kwa miaka miwili.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mama yenu amemzoea yeye," akasema. "Dada yako akiondoka, nani atamgeuza mama yako? Wewe? Na ukibaki wewe huku bila chuo utafanya nini? Mimi natafuta njia ya kila mtu."

Kwa sauti ya upole kabisa. Angekuwa anapima taya ya mteja ingekuwa sauti ile ile.

Mnataka kujua nilijisikiaje?

Nilifurahi.

Nilirudi chumbani, nikamkuta Dada anamfunika Mama, mikono imejikunja kwa maji. Akanitabasamia. Akasema, "Mdogo wangu, tukikutana fainali usinionee huruma, na mimi sitakuonea."

Nikamwambia, "Sawa."

Fainali ilichezwa kwenye ukumbi wa shule, meza moja katikati, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki. Baba mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi. Dada alikuwa na pointi nyingi kuliko mimi, akapewa kete nyeupe.

Akaucheza ufunguzi wake. Askari akatoka, nikamla. Farasi akaachwa, nikamla. Watu wakanong'ona. Uso wa Dada ulikuwa umetulia, tena alikuwa mzuri siku ile, jamani, alikuwa amesuka nywele.

Hatua ya kumi na mbili.

Sikufikiria hata sekunde tano. Nikamchukua mfalme, nikamsogeza mraba mmoja, nikabonyeza saa ya mchezo.

Kosa langu lilikuwa hapo. Ningejifanya nafikiria angalau dakika kumi, pengine asingejua. Lakini nilijibu haraka mno, na jambo ambalo yeye, bingwa wa mkoa, hakuliona kwa miaka miwili, mimi niliyemshinda mara saba kwa mwaka nikaliona kwa sekunde tano.

Dada alitazama ubao. Kisha hakunitazama mimi. Aligeuza shingo taratibu, akamtazama Baba.

Baba alikuwa anafuta miwani.

Alicheza dakika arobaini zaidi. Angeweza kukubali kushindwa mapema, wenye heshima hufanya hivyo. Yeye alicheza mpaka mwisho, mpaka akabaki na mfalme na askari wawili, mpaka nikamfunga kabisa. Nadhani alitaka nimalize kazi kwa mkono wangu.

Akanipa mkono. "Hongera, mdogo wangu."

Tulirudi nyumbani kwa gari la jirani, kombe la ushindi nimelipakata mimi. Tulipofika, Baba akaanza kuwapigia watu simu. Dada akavua viatu, akaingia chumbani. Ilikuwa saa ya kumgeuza Mama.

Hakuuliza. Siku ile, wiki ile, mpaka naondoka. Alinifungia hata begi.

Miaka mitano nilikaa huko. Nikasoma, nikamaliza, nikapata kazi kwenye ofisi moja ya takwimu, nikawa na chumba changu chenye dirisha kubwa. Chesi niliiacha mwaka wa pili, sikuwa na haja nayo tena.

Mwaka huo huo wa pili Mama alifariki. Nilikuwa na mitihani. Sikuja kuzika. Nikajiambia basi, angalau Dada sasa yuko huru.

Miezi mitatu baadaye Baba akaanguka na kiharusi palepale karakana, kisu cha nta mkononi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, maneno yakawa milio. Wakamlaza kwenye kitanda kile kile alichofia Mama.

Dada akaendelea.

Kila nikimpigia, anasema, "Nyumbani salama. Wewe soma."

Mwaka wa tano, nilipokuja likizo ya wiki mbili, nilikuwa nimejiandaa kukuta uchafu na harufu. Sikukuta. Mzee alikuwa safi kama yai. Kucha zimekatwa, mgongo hauna hata kidonda kimoja. Daktari wa zahanati aliniambia hajawahi kuona mgonjwa aliyelala miaka mitatu akitunzwa vile.

Na kila siku baada ya chakula cha mchana, Dada alikuwa anamwekea ubao wa chesi kitandani.

Baba anacheza kwa mkono wa kushoto, nyeusi. Dada nyeupe, na ufunguzi wake ni ule ule. Nilikaa mlangoni na kikombe changu cha chai, namwangalia mzee usoni, sikuwa na shughuli na ubao. Akifika mahali anamsogeza mfalme kwa vidole vinavyotetemeka, Dada anashika kichwa, anajifanya amekwama, anashindwa. Mzee anacheka, udenda unamtoka, Dada anamfuta.

Kila siku hivyo hivyo. Kila siku anamwacha ashinde.

Nikasema kimoyomoyo, huyu ana roho ya malaika. Mimi nisingeweza.

Siku nne kabla ya kuondoka, Shangazi, dada yake Baba, alikuja kutusalimia. Tukiwa tumekaa chumbani kwa mgonjwa, Dada akaweka sahani chini, akasema bila kupandisha sauti:

"Mdogo wangu, nimechoka. Mmoja wetu abaki naye, lakini si lazima awe mimi."

Nikaanza kueleza habari za kazi yangu, tiketi, mkataba. Shangazi akanitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Dada akasema, "Basi tucheze. Mchezo mmoja. Ukishinda, nabaki naye mpaka siku yake ifike na sitakuuliza tena maishani. Nikishinda mimi, unakaa naye miaka mitano. Kama mimi tangu ulipoondoka."

"Chesi nimeiacha zamani, Dada."

"Mimi najua ufunguzi mmoja tu. Unaujua. Nitaucheza huo huo, Shangazi ni shahidi."

Mwenzenu nikapiga hesabu. Kukataa mbele ya Shangazi ni aibu. Kukubali, nacheza na ufunguzi ambao dawa yake ninayo mfukoni, dhidi ya mtu ambaye miaka mitatu amecheza na mgonjwa tu. Nikajiona mjanja.

"Haya," nikasema.

Tukaweka ubao juu ya stuli, pembeni ya kitanda. Baba akainuliwa kwenye mito ili aone. Jicho lake lilikuwa limechangamka kuliko siku zote.

Askari akatoka, nikamla. Farasi akaachwa, nikamla. Hatua ya nane, ya tisa, ya kumi, kila kitu mahali pake.

Hatua ya kumi na moja, Dada akaleta ngome katikati.

Nikasita. Miaka ile alikuwa akileta ngome ya upande wa kushoto. Hii ilikuwa ya kulia. Ya kushoto imebaki konani, kama imesahauliwa. Nikapitisha hatua moja ya kawaida, yeye akaruka na farasi wake aliyebaki mpaka katikati ya ubao, na ile kete ya kuteka ikabaki inaning'inia mbele yangu kama zamani.

Niteke, au nitembeze mfalme?

Nilifikiria sana. Nikiteka, naona hatari. Nikitembeza mfalme, naona salama, lakini ile ngome ya konani inanikera na sijui kwa nini. Akili yangu ilikuwa imeota kutu.

Nikamwangalia Baba.

Na Baba, Mungu wangu, mkono wake wa kushoto ulikuwa unainuka kutoka kwenye shuka. Polepole, unatetemeka. Kidole kikanyooka, kikaenda moja kwa moja kwa mfalme wangu.

Ananisaidia. Baada ya yote, na hali ile, bado ananisaidia mimi.

Nikamtazama Dada kwa kuiba. Alikuwa ameona. Alikuwa amekunja mikono kifuani.

Nikamsogeza mfalme.

Dada akachukua ile ngome ya konani, akaisogeza miraba mitatu tu, ikasimama kwenye mstari wa mfalme wangu. Nikaona kila kitu kwa mara moja. Nilikuwa nimemtoa mfalme kwenye nyumba nikamsimamisha barabarani.

Hatua saba. Sikufika hata ya ishirini.

Baba alikuwa anatoa sauti, si kicheko, kitu kama mlango unaobanwa. Kidole chake kilikuwa bado hewani.

Dada akakishika, akakirudisha kwenye shuka, akakifunika.

"Asante, Baba," akasema.

Halafu akanigeukia. "Miaka mitatu nimemwacha anishinde kwa hatua hiyo. Kila siku. Ngome hiyo hiyo, mfalme huyo huyo. Nikiiacha ya konani makusudi, mpaka akaamini kabisa kuwa hata hapa dawa ni ile ile ya mfalme. Nilijua utarudi tu, na nilijua ukikwama atakusaidia."

Nikauliza, "Ulijuaje?"

"Alishawahi kuacha?"

Shangazi alijifuta uso kwa mtandio, akatoka nje.

Kesho yake asubuhi Dada alinionyesha dawa, saa za kula, namna ya kuingiza mkono chini ya bega kabla ya kumgeuza. Alinifundisha kwa subira kama mwalimu wa chekechea. Kisha akabeba begi moja, akampitia Baba, akamtengeneza kola ya shati. Hakumbusu.

Mlangoni nilimwambia, "Ungeweza kuondoka tu, Dada. Hukuhitaji kucheza."

"Najua," akasema. "Nilitaka ubaki ukijua nilivyobaki mimi."

Mtauliza kwa nini sikuchukua tiketi nikaondoka na mimi. Ningemwacha na nani? Shangazi magoti hayamruhusu. Ofisi ilinisubiri mwezi mmoja, ikaweka mtu mwingine.

Leo ni mwaka wa pili. Baba ameshapata vidonda viwili mgongoni, kimoja kinakataa kupona. Si kwamba simgeuzi. Namgeuza, ila mikono yangu haijawahi kujifunza.

Ubao hataki kuuona tena. Siku nilipouleta aliusukuma kwa ule mkono wake, kete zikatawanyika, akageukia ukutani. Sijui alikuwa anamwona nani: mimi niliyeshindwa, au yule aliyemfuta udenda miaka mitatu huku anamfundisha uongo.

Dada yuko mji mwingine, ameajiriwa mapokezi kwenye jengo la ofisi. Namba yake ninayo. Nilimwandikia mara moja nikamwomba msamaha, maneno mengi, kurasa kwa kurasa. Akajibu mstari mmoja: "Mgeuze kwanza, utaniandikia baadaye." Nikatazama saa. Kweli ilikuwa imepita.

Sina mahubiri marefu. Najua moja tu. Kila nyumba ina mtoto wa kubeba na mtoto wa kubebwa. Kama wewe ndiye wa kubebwa, usijione umependwa zaidi, tazama mgongo wa aliyekubeba. Shuka mwenyewe mapema, kwa miguu yako.

Ukingoja kushushwa, utashushwa mahali ambapo hakuna wa kukuinua.